Vichochoro Nilivyoviziba

Mama Shiro alipokufa, watu waliomsengenya miaka ishirini walimkodia hema. Walilisimamisha nyuma ya nyumba yake kule Riruta Satellite, wakapanga viti vya plastiki, na Jumapili baada ya kanisa wakaanza kusimama mmoja mmoja kumsifu. Jamaa mmoja, suti imembana kwapani, alisema marehemu alikuwa mama wa vijana wote wa Kawangware, kwamba ndiye aliyetufungulia mlango wa teknolojia, na kwamba bila yeye wengi wetu tungekuwa wezi. Namkumbuka jamaa huyo. Alikuwa akija saiba ya Mama Shiro, chumba chake cha kompyuta za kukodi kwa dakika, kucheza mpira wa kompyuta, na siku moja alikamatwa akitoka na kipanya ndani ya soksi. Mama Shiro hakutufungulia mlango wowote. Alikaa mlangoni na saa ya mezani, akisuka sweta, na dakika zako zikiisha alinyoosha mkono nyuma ya kompyuta yako na kuchomoa waya. Uwe unaandika barua ya kuomba kazi au unamlilia mpenzi aliyeko Dubai, kwake yalikuwa yale yale. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Katika mtaa mzima wa Kawangware 46 hakukuwa na mtu mwingine asiyejifanya mwema, na sasa walikuwa wakimzika na wema wa bandia ambao asingeuvumilia hata dakika tano.

Nilikaa mstari wa nyuma na sahani ya mukimo magotini. Nyuma yangu wanawake wawili wa kanisa walibishana kwa sauti ya chini kama nyama imeiva au imepitishwa motoni tu. Kisha mmoja akauliza huyu wa miwani ni nani, na mwenzake akamjibu kwamba ni mmoja wa wale wa kompyuta, ana kazi nzuri mjini lakini hajawahi kuolewa, ana mdomo. Nikaendelea kutafuna. Mdomo ninao, sikatai, na nyama haikuwa imeiva. Ndipo nilipomwona Wekesa ng'ambo ya hema. Kichwa kilikuwa kimeisha nywele na tumbo limeanza kuonekana chini ya koti la kaki, lakini alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, vilevile alivyokuwa akikishika zamani. Akainua kikombe kidogo kunisalimia. Nami nikainua kijiko, nikatazama pembeni. Nina miaka arobaini na minne, na nimedharau watu wengi katika miaka hiyo, baadhi yao kwa haki. Wekesa nilimdharau mwaka mmoja tu, nilipokuwa na ishirini na miwili, na bado huo ndio mwaka ambao sijaweza kuumaliza.

Saiba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bucha. Kulikuwa na kompyuta kumi, mbili zikiwa maiti, zimepangwa juu ya mbao ndefu ya mjengo, na mbele yake mabenchi, watu wawili kwa kila mashine mtake msitake. Harufu ya mutura, matumbo ya damu yanayochomwa buchani, iliingia kupitia dirisha lisilofungika, ikachanganyika na jasho la vijana wa mpira, ambao walipiga kelele tangu asubuhi kama kwamba wao ndio walikuwa wakikimbia. Mimi nilitoka Nyayo Highrise. Nilikuwa nimeandikishwa kozi ya uhasibu katika chuo fulani huko Satellite, chuo cha ghorofa moja juu ya duka la magodoro, na baada ya wiki tatu nikaona kwamba mwalimu anasoma kitabu kile kile nilichonacho mimi, polepole kuliko ninavyosoma mimi. Nikaacha kwenda. Kila asubuhi niliondoka nyumbani na kitabu cha uhasibu kwapani, nikaenda kwa Mama Shiro, nikakikalia kitabu hicho juu ya benchi kwa sababu benchi lilikuwa na misumari.

Nyayo Highrise, kwa asiyejua, ni maghorofa yaliyoegemea Kibera. Kutoka dirisha la jikoni kwetu, ghorofa ya nne, uliona mabati ya Kibera yote hadi reli, na majirani zetu walikuwa na namna yao ya kutoyaona. Walipamba madirisha ya upande huo kwa pazia nzito. Walisema "huko chini" badala ya kulitaja jina, ingawa mama mboga wao, fundi wao wa viatu na msichana aliyewafulia nguo walipanda kutoka huko chini kila asubuhi. Niliwacheka watu hao na pazia zao. Mimi nilifungua dirisha nikatazama, nikajiona bora kuliko wao kwa kule kutazama tu. Niliamini naijua Kibera, kwani niliijua kutoka juu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa zama za ngome na wapanda farasi. Unaanza na kijiji kidogo na watu watano. Wanakata miti, wanachimba mawe, wanalima, na ukiwa na akili unajenga kuta na kukusanya jeshi kabla wenzako hawajakuvamia. Niliucheza vizuri kuliko mtu yeyote Kawangware, jambo ambalo si sifa kubwa. Mwaka ule kampuni iliyoutengeneza, huko ng'ambo, ilitangaza kwamba inatafuta ramani mpya ya mji uliozingirwa na adui, ya wachezaji wanne, na kwamba atakayeshinda ataajiriwa mwaka mzima kuwachorea ramani akiwa nyumbani kwake, na kompyuta atatumiwa. Sikulala siku mbili. Kwangu ilikuwa njia ya kukiweka kile kitabu cha uhasibu mezani mbele ya kila mtu nyumbani na kusema sikihitaji. Mchezo ulikuwa na sehemu yake ya kuchorea ramani, na kompyuta moja tu kwa Mama Shiro iliweza kuifungua bila kuzimika, namba nne. Nikaihamia.

Wekesa aliletwa na stima. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu Kibera, upande wa Lindi, na Mama Shiro alimwita kila nyaya zake zilipoungua, yaani kila wiki. Malipo yake yalikuwa saa za kompyuta, na kwa kuwa benchi ni la wawili, Mama Shiro akamkalisha kwangu namba nne bila kuniuliza. Alinukia risasi ya kulehemu. Alitazama kazi yangu siku nzima bila kusema neno, nami nikamchukulia mjinga, kwa maana wakati huo niliamini mtu mwenye akili huongea. Siku ya pili akaanza maswali. Akauliza kama yule mfalme ndiye landlord. Akauliza wale wakulima wanalipa nyumba kwa nani, na maji wanatoa wapi, maana mji mzima nilikuwa nimeuwekea kisima kimoja ndani ya ngome. Nilicheka mpaka Mama Shiro akaacha kusuka. Nikamweleza kuhusu zama za kati Ulaya, mambo niliyokuwa nimeyasoma majuzi mtandaoni, kwa sauti ya mtu aliyeishi huko. Wekesa alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Lakini hii mtaa yako hakuna mtu anaishi, Adhis," akasema. "Angalia hao wasee wako, wamekwama."

Kweli walikuwa wamekwama. Askari wangu ishirini walijazana kwenye lango moja, wakisukumana, na adui akiwapiga mishale. Nikasema ni kasoro ya kompyuta. Akasema kompyuta haina shida, wamekwama kwa vile nimewapa njia moja. Nikakasirika, nikasukuma kipanya kwake, nikamwambia basi achore yeye. Nilitaka aaibike. Nilitoka kununua mandazi, na niliporudi alikuwa amevunja robo ya mji wangu na kuchora mtaa. Nyumba zilikuwa zimebanana, hakuna hata mbili zilizotazamana sawasawa, na kati yake kulikuwa na vichochoro vyembamba vilivyopinda, vikagawanyika, vikakutana tena. Nikawaamuru askari wapite. Walipita, wakagawanyika wenyewe, wakatokea upande wa pili nyuma ya adui. Nikamwambia si mbaya. Moyoni niliona ni kama kuku ametembea juu ya karatasi akaacha picha.

Tulifanya kazi miezi saba. Nasema tulifanya, lakini miezi ile yote nilisema "ramani yangu." Mimi nilichora ngome, mito, milima, mashamba, vitu vinavyoonekana. Yeye alichora njia. Alikuwa polepole kiasi cha kukera. Angeweza kukaa saa nzima na kichochoro kimoja, akikisogeza nyumba moja kushoto, akikirudisha, huku Mama Shiro akihesabu dakika zetu kwa jicho. Siku moja nikachoka, nikamwuliza anatafuta nini. Akasema nimtembelee, nitaona. Nikaenda Lindi kwake, mara ya kwanza kushuka huko ambako nilikuwa nimekutazama maisha yangu yote, na katika dakika kumi nikapotea. Kutoka ghorofa ya nne Kibera ilikuwa na barabara. Chini hapakuwa na barabara yoyote niliyoifahamu, kulikuwa na watu tu, na mitaro, na Wekesa mbele yangu akipinda bila kutazama, akiwasalimu watu kupitia madirishani. Nilimchukia kwa wepesi ule.

Chumba chake kilikuwa cha kuta za mabati zilizobandikwa magazeti kwa ndani, kitanda nyuma ya pazia, meza yenye matumbo ya redio. Alipika omena na sukuma, akasonga ugali mgumu, akanipa kiti cha pekee, yeye akakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji. Chakula kilikuwa kizuri, nami nikala kwa ncha za vidole, ili ajue ninatoka wapi. Upande wa pili wa bati mwanamke alikuwa akimsimulia mwenzake kuhusu chumba alichokwenda kuangalia, kikubwa, kina simenti chini, na landlord si mbaya. Mwenzake akauliza mara moja kama kina pa kutokea nyuma. Akajibu hapana, kimeegemea ukuta. "Hiyo wachana nayo," yule mwingine akasema. "Moto ikikuja utatokea wapi? Ama makarao wakikuja kushika watu?" Na mazungumzo ya chumba yakaishia hapo, simenti na yote, wakaingia habari za harusi ya mtu. Wekesa alinyanyua kichwa akanitazama, akaelekeza kijiko kwenye bati. Akaniambia kwao hakuna anayekodi nyumba yenye njia moja, hata bure, na kwamba ndicho alichokuwa akikitafuta katika kile kichochoro: kila nyumba iwe na pa kutokea, na asiyeishi pale asipaone. Nikaitika. Nilielewa kila neno, na sikulipa uzito wowote, kwa sababu lilisemwa na mwanamke nisiyemwona akiongea nyuma ya bati.

Ramani ilipokamilika tuliwapa vijana wa mpira waijaribu. Sikutarajia kitu kutoka kwao, ni watu ambao wangeshindwa kuzingira choo. Lakini waliacha mpira wiki mbili. Mchezo mmoja ulichukua alasiri nzima, kwa sababu haikuwezekana kummaliza mtu kwa pigo moja: ukivunja lango lake unakuta ametoweka kwa nyuma na watu wake na mbuzi wake, na baada ya nusu saa anakujia kutoka mahali usipopajua. Walitukanana kwa furaha. Mama Shiro mwenyewe aliweka sweta chini akauliza huyu wa askari wekundu amepitia wapi sasa. Hivyo ndivyo ramani nzuri inavyofanya, ninajua leo, na nilijua hata siku ile.

Kisha Wekesa akaenda kwao Bungoma kumzika babu yake, siku tisa, na nikabaki peke yangu na ramani na mtandao. Kulikuwa na ukumbi ambamo wachezaji wa dunia nzima walibandika picha za ramani zao za shindano na kuchambuana. Walikuwa kundi la wapumbavu wenye kiburi, wanaogombana siku nzima kuhusu umbo la madirisha ya kanisa, na mmoja alikuwa ameniuliza kama huku kwetu tunacheza kwa jenereta. Niliwadharau kabisa. Na kwa hao hao niliowadharau nikaona aibu. Miji yao ilikuwa safi, na kuta zao zilisimama wima, mtaa mmoja kwenda lango moja. Nikatazama wetu nikaona mabati. Nikaona wataitazama na kusema, huyu ametuchorea kitongoji cha kwao akakivika kofia ya chuma. Kwa siku nne nikaziba vichochoro. Niliweka ukuta wa mawe mwisho wa kila kimoja, nikanyoosha nyumba, nikaacha kila mtaa na mdomo mmoja unaotazama barabara. Ulipendeza sana. Sikuona hata haja ya kufuta udongo wa zile njia chini ya kuta. Fomu ilikuwa na nafasi ya majina. Mbunifu, nikaandika jina langu. Chini yake kulikuwa na nafasi ya wasaidizi, nikaandika lake. Nikatuma siku mbili kabla hajarudi.

Aliporudi aliifungua ramani, akaipitia upande hadi upande. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na hotuba nzima kuhusu historia. Aliniuliza tu, "Umeziba?" Nikamwambia nimesafisha. Akasema sawa, mimi ndiye ninayejua hizo mambo za wazungu, akaenda kuangalia soketi iliyokuwa ikitoa cheche. Nikadhani nimeshinda.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, Jumatatu asubuhi. Lilikuwa refu na la heshima kuliko nilivyostahili. Walisema ni ramani nzuri kuliko zote kwa macho, lakini wameicheza mara nyingi na kila mara imekufa: anayevamiwa hana pa kwenda, basi wa kwanza kushambulia ndiye mshindi, na mchezo unaisha kabla haujaanza. Kisha waliandika jambo lingine. Waliona chini ya kuta zangu alama za njia zilizozibwa, nyingi, zilizopangwa kwa namna ambayo hawajapata kuiona. Je, kulikuwa na ramani ya awali? Kama ipo, niitume kabla ya Jumatatu inayofuata, na niwaeleze aliyezichora zile njia alikuwa akiwaza nini, kwa kuwa hawajaamua mshindi na wangependa kuiona kwanza. Nilisoma mara tatu. Wekesa akaingia na mandazi ndani ya gazeti, akakaa bega kwa bega nami, nikaifunga barua.

Ramani ya awali ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya mashine ile ile, kwenye folda yenye jina lake. Nilihitaji kubonyeza mara nne na kuandika sentensi mbili. Siwezi kujifanya nilikuwa na shughuli, wala kwamba stima ilipotea, ingawa kwa miaka mingi nilijisimulia hivyo mpaka nikakaribia kuamini. Stima haikupotea hata dakika moja wiki ile, yeye mwenyewe alikuwa amezitengeneza nyaya. Tatizo lilikuwa zile sentensi mbili. Ningelazimika kuandika kwamba kilicho kizuri kilichorwa na mtu aliyeniuliza kama mfalme ni landlord, na nilichofanya mimi ni kukiharibu. Jumanne niliandika mwanzo nikafuta. Jumatano sikuandika. Kila siku alikuja, akakaa, mara nyingine akachelewa kurudi kwenye kibanda chake, wateja wakamngoja huko, nikashangaa anakaa kufanya nini. Alhamisi aliniuliza kama wamejibu. Nikasema bado. Jumatatu ikafika, ikapita, na Jumanne nikamwambia tumeshindwa, hawakueleza sababu. Akasema haya, tulijaribu. Baada ya wiki chache akamfundisha kijana mwingine kazi ya nyaya za Mama Shiro, na sikumwona tena hapo. Mimi nilirudi chuoni juu ya magodoro. Leo nafanya kazi ofisi ya kupima ardhi, niliingia kama mhasibu na sasa nachora ramani za ploti kwa watu wenye pesa wanaotaka ukuta pande zote nne, na ninajua kazi yangu kuliko wakubwa wangu wote, na wao wanajua kwamba najua.

Pale hemani zamu ya hotuba ilikuwa imefika kwa mchungaji, aliyekuwa hamjui marehemu hata kidogo na kwa hiyo alizungumza muda mrefu kuliko wote. Wekesa alizunguka nyuma ya viti, akaja akakaa kando yangu na vikombe viwili vya chai. Tuliulizana habari. Ana duka la vifaa vya stima hapo karibu Kawangware, mabinti wawili, mkubwa yuko chuo kikuu. Nilimwambia kuhusu ofisi yangu, nikaisema vibaya, akacheka, akasema sijabadilika. Na kwa kuwa chai ilikuwa nzuri na kifo hulainisha watu, hata mimi, nikaona huu ndio wakati. Nakiri nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandaa miaka na miaka, maneno mazuri, ya mtu mkubwa anayekubali kosa lake dogo la ujana, na ndani yake kulikuwa na mahali ambapo yeye angeshtuka, kisha angenisamehe.

"Wekesa," nikasema, "kuna kitu sikuwahi kukuambia. Wale watu wa shindano—"

"Ile barua," akasema.

Nikamtazama. Alipuliza chai yake.

"Uliiacha wazi Jumanne ukienda choo. Niliisoma na ile dictionary ya Mama Shiro, ilinichukua muda. Nikatoa ile ramani ya kwanza nikaiweka kwa flash. Nilitembea nayo kwa mfuko hiyo wiki yote."

"Mbona hukutuma?" Sauti yangu ilipanda, mwanamke mmoja wa kanisa akageuka. "Si ungetuma tu? Ilikuwa kazi yako. Ungepata hiyo kazi, Wekesa."

"Labda."

"Basi mbona hukutuma?"

Alifikiri, bila haraka, kama alivyokuwa akifikiria kichochoro. Mchungaji alikuwa amefika kwenye sala, watu wakaanza kusimama, naye akaweka kikombe chini ya kiti ili kisipigwe teke.

"Nilikuwa nangoja useme," akajibu. "Nilikuwa nakuona ukiandika ukifuta. Nikasema nikituma mimi, huyu dem atajua mimi ndio nilikuwa najua hiyo kazi, na hiyo kitu itamuua. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya redio. Wewe haukuwa na kitu kingine." Akasimama, akakunja mikono mbele kwa ajili ya sala. "Nilikuonea huruma, Adhis. Hiyo tu."

Nami nikasimama. Kila mtu alikuwa amefumba macho, yeye pia, na nikapata nafasi ya kumtazama usoni nilivyotaka. Nilitafuta dharau. Hiyo naijua ilivyo, naitambua hata ikijificha nyuma ya tabasamu, hakuna anayeijua kuliko mimi, na nilipekua uso ule wote mpaka mchungaji akasema amina. Haikuwepo. Ningeipokea vizuri zaidi.